Nanengua Usiku, Nataka Kufanya QT

Maswali ya wasomaji mwezi huu yanajibiwa na mcheza ngoma wa zamani aliyerudi shule akiwa mtu mzima, na ambaye sasa ni mwalimu wa sanaa. Majina ya waulizaji tumeyahifadhi.

SWALI: Shikamoo dada. Mimi ni mnenguaji wa bendi hapa Dar, nina miaka 29. Niliacha shule kidato cha kwanza baba alipofariki, nikaingia kikundi cha mtaani, baadaye bendi. Nina mtoto yuko darasa la nne. Siku hizi goti linaniuma, na nimeona wenzangu wakifika thelathini na kitu wanaachwa kimya kimya. Nataka kurudi kusoma lakini sijui nianzie wapi. Kiongozi wetu wa shoo nilipomgusia alicheka, akasema kiuno na kitabu wapi na wapi. Naogopa mambo matatu: kichwa kimeshakufa, Kiingereza sijui, na nitakaosoma nao watakuwa na video zangu kwenye simu. Je, niache bendi kwanza ndiyo nisome? (Mnenguaji, Mwananyamala)

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Nianze na swali lako la mwisho maana ndilo linaloweza kukuponza. Bendi usiiache. Nimewaona wenzetu waliotangaza kustaafu ili wasome, wakaagwa kwa keki na picha, na kabla ya Pasaka kodi ya nyumba ikawarudisha kule kule, safari hii kwa posho ndogo zaidi kwa sababu nafasi yao ilishachukuliwa na binti wa miaka 19. Shule ya mtu mzima inalipiwa na kazi aliyonayo. Ukipata usiku wa kutuzwa vizuri, noti mbili tatu zitoke palepale ziende kwenye bahasha ya ada kabla hazijaonana na duka la wigi.

Sasa njia. Kwa kuwa hukufika kidato cha pili, mlango wako ni QT, yaani Mtihani wa Maarifa, unaoendeshwa na Baraza la Mitihani la Tanzania. Ukiufaulu unahesabiwa kama mtu aliyevuka kidato cha pili, na hapo unaruhusiwa kujisajili kufanya mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Mitihani yote miwili hufanyika Novemba lakini huwezi kuifanya mwaka mmoja, kwa hiyo weka akilini miaka miwili, na kwa ratiba ya bendi, tuseme mitatu. Usajili hufunguliwa mwanzoni mwa mwaka na anayechelewa hutozwa faini. Watu wengi hupoteza mwaka mzima kwa sababu ya kukumbuka mwezi Juni.

Pita kwanza Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima. Ipo tangu 1975, makao makuu yako hapo mjini Barabara ya Bibi Titi Mohamed, na shughuli yake ndiyo hiyo: watu kama mimi na wewe. Vituo vya mitaani navyo vipo tele, vingine vizuri sana, vingine ni bango na viti vya plastiki. Kabla hujatoa hata senti, uliza watakusajili kufanyia mtihani kituo gani na namba yake ni ipi. Vituo vya watahiniwa wa kujitegemea namba zake huanza na herufi P. Mwenye kituo akianza kuzungukazunguka kwenye swali hilo, mwachie kiti chake.

Na usijibebeshe mzigo wa kutaka A. Kwenye kidato cha nne alama 30 ni D, 45 ni C. Ukiwa na D nne za masomo yasiyo ya dini, vyuo vingi vya kati vinakufungulia astashahada, na TaSUBa, chuo cha sanaa kule Bagamoyo, ni mojawapo ya mahali pa kuulizia. Kutoka hapo kuna stashahada, kisha shahada. Mimi nilipita hiyohiyo barabara ya D.

Kichwa hakijafa. Bendi yako ina nyimbo ngapi? Kila wimbo ukiingia sebene mnajua bila kuambiwa ni stepu ipi inafuata, nani anatoka mbele, nani anarudi nyuma, na wimbo mpya mnaushika kwa mazoezi ya mchana mmoja. Huko ndiko kukariri, na mitihani yetu, tupende tusipende, inapenda sana waliokariri.

Kilichonitesa mimi kilikuwa kukaa. Kikundi chetu kilikuwa cha zile shoo za wikiendi za miaka ya tisini, ngoma, maigizo, sarakasi, kwaya na taarabu ndani ya mchana mmoja, na sisi wachezaji tulikuwa tunabadilisha nguo nyuma ya pazia kama tunafukuzwa. Mwili wa namna hiyo uambie ukae saa mbili jioni kwenye dawati la darasa la pili, maana tulisomea shule ya msingi watoto wakishaondoka. Magoti yanagonga mbao ya juu, mgongo unawaka, na usingizi unaingia kupitia miguuni. Nikamwomba mwalimu wa Historia nisimame nyuma karibu na dirisha. Akakubali, ilmradi nisimzibe mtu. Nimesomea pale mpaka mwisho, daftari juu ya kingo ya dirisha, nikihamisha uzito kutoka mguu huu kwenda ule. Nyumbani nilibandika karatasi ukutani juu ya jiko la mkaa, nikasonga ugali huku nataja sababu za Vita vya Maji Maji. Kwa hiyo ukiona huwezi kukaa, usijione mjinga. Simama usome.

Hisabati nilidhani ndiyo kaburi langu. Jioni moja mwalimu akaandika ubaoni KDS ya 2 na 3, yaani namba ndogo kuliko zote inayogawanyika kwa zote mbili. Darasa kimya. Mimi nikaanza kugonga dawati, mkono wa kushoto mapigo mawili, wa kulia matatu, ndani ya muda uleule. Ndivyo wapigaji wetu walivyokuwa wakienda, huyu mbili, yule tatu, na mguu wako unachagua wa kumfuata. Ukitaka kuyahesabu mapigo yote bila kudondosha hata moja, lazima muda huo uugawe vipande 6. Nikasema sita. Mwalimu akanitazama, akaniambia nigonge tena taratibu, darasa zima likagonga, mpaka mlinzi akaja kuchungulia kulikoni.

Historia nayo ilinifurahisha kwa sababu nilikuta ngoma zangu ndani. Tulikuwa tunacheza mganda, wanawake kwa wanaume, maana kwenye kikundi nani anajali kwamba kule Nyasa ni ngoma ya wanaume. Kaptura nyeupe, soksi ndefu, mistari iliyonyooka, kiongozi anatoa amri kama sajini. Miaka yote hiyo hakuna aliyeniambia kwamba ngoma za mtindo huo zinatokana na beni, iliyoanza huku pwani mwishoni mwa karne ya 19 kwa kuiga bendi za kijeshi za Wazungu, ikasambaa bara na hasa baada ya askari kurudi kutoka Vita Kuu ya Kwanza. Lilipokuja swali la athari za ukoloni kwenye utamaduni, nilikuwa nimeshalicheza.

Lakini usidanganyike kwamba kila somo lina ngoma ndani yake. Biolojia nilipata D ya taabu, na niliipokea kwa mikono miwili.

Kiingereza ndicho kikwazo chenyewe, sitakuficha. Ukitoa Kiswahili, karibu kila mtihani utauletewa kwa lugha hiyo, na kuna watu wanaojua jibu kabisa ila hawajui wameulizwa nini. Anza na maneno ya amri: taja, eleza, fafanua, linganisha, toa mifano. Yajue kwa Kiingereza kama unavyojua ishara za mpiga solo wenu. Baada ya hapo, mwalimu unaye ndani ya nyumba. Kaa na mwanao jioni kabla hujaondoka, kitabu chake cha Kiingereza kati yenu, soma kwa sauti, naye akusahihishe. Atafurahi kupita kiasi. Mwache. Wewe umesahihishwa mbele ya wapiga magitaa na mafundi mitambo, umeambiwa kiuno kimechelewa, ukarudia palepale bila kununa. Darasani kwetu tulikuwa na askari mgambo, mama lishe, dereva wa daladala na karani mmoja wa stoo, watu wazima wenye heshima zao, na wengi walikuwa radhi kukosa kuliko kunyoosha mkono. Mimi nilinyoosha tu. Kukosea mbele za watu kulikuwa kazi yangu ya kila Jumanne, siku ya mazoezi.

Muda wa kusoma upo hapohapo ukumbini. Mnafika saa kumi na mbili jioni, mafundi wanafunga vyombo na kupima sauti, na ninyi mnapanda saa nne. Saa zote hizo mnasukana na kusemana. Tafuta kona yenye taa, waambie wenzako kabisa kwamba unasoma, wakicheka wacheke, baada ya wiki mbili watachoka. Pasti pepa zibebe kwenye begi moja na nguo za shoo. Ila ukirudi alfajiri usifungue daftari. Lala. Siku bendi isiyopiga ndiyo ya kwenda darasani, na mwalimu wa kituo ajue mapema ratiba yako.

Kuhusu video, ndiyo, watakuwa nazo. Zamani hatukuwa na simu hizo, ila kijana mmoja darasani alikuwa ameshawahi kulipa kiingilio kuniona nikicheza sindimba, na wakati wa mapumziko akaniomba nicheze kidogo wenzake waone. Nikamwambia kiingilio ni Jumamosi. Hakurudia, na yeye ndiye aliyekuja kunifundisha aljebra.

Huyo kiongozi wenu wa shoo, akirudia wimbo wake wa kiuno na kitabu, mpe jina moja: Pearl Primus. Mzaliwa wa Trinidad aliyekulia New York, akasoma biolojia na kupata shahada 1940, kisha akawa mcheza dansi aliyejaza kumbi za mji huo. Alikuja Afrika kujifunza ngoma kwa wenyewe, akazipeleka jukwaani kwao, na 1978, akiukaribia umri wa miaka 60, akatunukiwa udaktari wa falsafa na New York University. Na Uingereza, wacheza dansi wa kulipwa wamekuwa na mfuko wa kuwasaidia kubadili kazi na kusoma tangu miaka ya 1970, kwa sababu kule walishakubali kwamba goti lina mwisho. Sisi mfuko wetu ni ile bahasha niliyokutajia.

Goti lenyewe lisisubiri cheti. Kukandwa na mafuta ya moto kunatuliza tu. Muone daktari wa mifupa, na ukipewa mazoezi ya tiba uyafanye kama unavyofanya ya bendi.

SWALI: Salaam dada. Nina stashahada ya sanaa kutoka Bagamoyo, GPA 3.2. Nina miaka 34 na nacheza ngoma kwenye hoteli za kaskazini mwa Unguja, msewe na kibati na kadhalika, kwa wageni. Nataka shahada lakini nikifikiria nadharia na insha za kurasa kumi, moyo unarudi nyuma. Vitendo naweza, kuandika ndiyo shida. (Mchezaji, Nungwi)

JIBU: Wa salaam, kaka. Kwa vigezo vya Tume ya Vyuo Vikuu, mwenye stashahada anatakiwa GPA isiyopungua 3.0 pamoja na ufaulu wa masomo manne ya kidato cha nne. Umevuka. Kinachokubana ni umri, tena upande wa mkopo, maana Bodi ya Mikopo hutaka mwombaji awe hajazidi miaka 35. Wewe huna anasa ya kusema mwakani. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina idara ya sanaa bunifu, na huko utahitaji kuwapo kwa miguu yako. Chuo Kikuu Huria, kilichoanzishwa kwa sheria ya 1992, kipo kwa ajili ya wasioweza kuacha kazi. Angalia kwa makini fani wanazotoa kabla ya kuamua, kwa sababu kusoma jambo usilolitaka eti kwa kuwa ratiba inaruhusu ni njia ya kuishia mwaka wa pili.

Nadharia inatisha mpaka uikute inazungumzia kitu unachokijua kuliko aliyeiandika. Mwaka wangu wa kwanza tulifundishwa mfumo wa Rudolf Laban, ambaye 1928 alichapisha namna ya kuandika miondoko kwa alama. Karatasi inasomwa kutoka chini kwenda juu, mstari wa katikati unatenga kulia na kushoto kwa mwili, na urefu wa alama ndiyo muda wa tendo. Akili nyingi, nakiri. Tukapewa kazi ya kuandika dakika moja ya ngoma ya nyumbani. Nikachagua sindimba. Miguu ikakubali kuandikika vizuri tu. Nilipofika kiunoni, ambako ndiko sindimba inakaa, alama zikarundikana mpaka mhadhiri mwenyewe akashindwa kuzisoma. Kilichonikera ni kwamba karatasi yenye makosa machache kuliko zote ilikuwa ya mwenzangu aliyechagua ngoma aliyoiona kwenye televisheni. Nikaandika kwa hasira kurasa kadhaa kueleza kwa nini mguu ulipata nafasi kubwa vile na kiuno kikabanwa pembeni, na ngoma kama za Wamakonde zinapoteza nini zikipitishwa humo. Nikarudishiwa na alama nzuri. Hapo ndipo nilipojua kumbe nadharia ni ugomvi wenye adabu.

Wewe kila jioni kabla ya kuanza unawaeleza wageni msewe ni nini, umetoka Pemba, yale makayamba ya miguuni yanafanya kazi gani. Jirekodi kwa simu ukieleza. Kesho yake isikilize uiandike neno kwa neno, kisha uandike yale ambayo huwaambii kwa sababu ni wageni na muda ni mfupi. Fanya hivyo kwa ngoma moja moja. Utafika chuoni ukiwa na daftari ambalo wenzako waliotoka kidato cha sita hawana, na hizo kurasa kumi utaziona chache.

SWALI: Dada, mimi nilikuwa nakuona jukwaani enzi zile. Ulikuwa moto wa kuotea mbali. Leo nasikia unashika chaki. Hebu tuambie ukweli, umepata nini shuleni ambacho jukwaa lisingekupa? Mshahara wa ualimu tunaujua. (Shabiki wa zamani, Arusha)

JIBU: Asante kwa kunikumbuka, na mshahara unaujua kweli. Kuna Jumamosi nilizokuwa natuzwa nikarudi nyumbani na pesa ambayo leo naisubiri mpaka tarehe za mwisho wa mwezi. Jukwaa nalikumbuka pia, sitakudanganya. Ngoma ikipigwa harusini huwa natafuta kiti cha mbali.

Nilichopata nakupa kimoja. Katika miaka hiyo ya tisini kikundi chetu kilipelekwa Ulaya kwenye matamasha. Mkataba ulikuwa wa Kiingereza, kurasa sita, tukaonyeshwa kwa kidole mahali pa kusaini. Nakala yangu nikaitupia sandukuni pamoja na njuga. Nilipokuwa najiandaa na kidato cha nne nikaitoa ili niifanyie mazoezi ya kusoma, kamusi pembeni, sentensi moja moja. Kwenye ukurasa wa nne kulikuwa na kifungu kinachosema kila mchezaji alipwe posho ya siku mkononi mwake, mbali na malazi na chakula. Sisi tulikuwa tumeambiwa kile chakula ndiyo posho.

Aliyetupeleka nilimtumia nakala, kifungu nimekipigia mstari kwa kalamu nyekundu. Hajajibu. Siku hizi wanafunzi wangu wa mwaka wa kwanza wanaanza na kusoma mikataba, muhula mzima, na wazazi wananipigia simu kulalamika kwamba watoto wao hawachezi vya kutosha.